Msimu wa kipupwe: Joto la nyumba yako huenda wapi?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, upepo wa kusi huleta mawingu yanayotanda juu ya Nairobi na sehemu nyingi za nyanda za juu kwa siku kadhaa mfululizo. Jua halionekani. Alfajiri, kiwango cha joto jijini hushuka hadi digrii 11 au 12 za sentigredi, na mara nyingine huwa chini ya 10. Kwa wakazi wa Limuru, Kinangop na Molo, ambako ni juu zaidi, baridi huuma zaidi.

Huu ndio msimu wa kipupwe. Ndio msimu ambao watoto wengi hukohoa na wazee hulalamika kwamba viungo vinawauma. Ndio pia msimu ambao kila mara husikika habari za kusikitisha za familia zilizokutwa zimefariki kitandani, jiko la makaa likiwa katikati ya chumba na dirisha likiwa limefungwa.

Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na baridi, na wakatafuta moto. Lakini tatizo la nyumba nyingi si ukosefu wa moto. Tatizo ni kwamba joto lililomo ndani halikai. Katika makala haya tutaeleza joto hilo hutoroka kwa njia zipi, na jinsi unavyoweza kulizuia kwa gharama ndogo bila kuhatarisha maisha.

Baridi haiingii, joto hutoka

Tumezoea kusema kwamba "baridi inaingia." Hata hivyo, kulingana na sayansi, baridi si kitu kinachosafiri. Kinachosafiri ni joto, nalo daima hutoka palipo na joto jingi kwenda palipo na joto kidogo. Usiku, nje kukiwa na digrii 12 na ndani 18, joto la nyumba yako hutafuta kila njia ya kutoka.

Chukua mfano wa chupa ya chai. Chupa hiyo, ambayo chanzo chake ni chombo kilichobuniwa na mwanasayansi James Dewar mwaka wa 1892, haina moto wowote ndani yake. Kazi yake ni kuzuia tu joto la chai lisitoroke. Nyumba yenye joto ni ile inayofanya kazi kama chupa ya chai. Nyumba inayokaa baridi ni kama kikombe kisicho na kifuniko: hata ukiongeza chai moto kila mara, itapoa tu.

Pia nyumba yako haikosi chanzo cha joto. Mtu mzima aliyeketi ametulia hutoa joto la takriban wati 100, sawa na balbu kubwa za zamani. Baba, mama na watoto wawili wakiwa chumbani, hutoa kwa jumla kiasi cha wati 300. Swali ni hili: joto hilo huenda wapi?

Njia tatu za joto kutoroka

Njia ya kwanza ni kupenya katika vitu. Vitu havilingani kwa kupitisha joto. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao, ndiyo sababu mpishi hupenda mwiko wa mti kuliko kijiko cha chuma. Miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto kwa uchache sana ni hewa iliyotulia, isiyopepea. Sweta ya sufi, blanketi zito na paa la nyasi hufanya kazi kwa sababu hiyo moja: vyote vimeshika hewa ndani yake na kuizuia isisonge.

Njia ya pili ni kubebwa na hewa inayosonga. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hivyo hupanda juu. Ikipata nafasi kati ya ukuta na paa hutoka, na mahali pake huchukuliwa na hewa baridi inayopita chini ya mlango. Mzunguko huo huendelea usiku kucha.

Njia ya tatu ni mnururisho. Ukiketi mbali kidogo na moto, uso wako hupata joto ingawa hujaugusa moto huo. Mwili wako nao hutoa joto vivyo hivyo kuelekea kwenye kitu chochote kilicho baridi kuliko wewe. Ndiyo maana mtu anayelala karibu na ukuta wa mawe au dirisha la kioo huhisi baridi hata kama hakuna upepo. Ukuta unamnyonya joto.

Paa la mabati: Hesabu ndogo

Katika nyumba isiyo ya ghorofa, paa ndilo linalopoteza joto zaidi, hasa likiwa la mabati bila dari. Hebu tufanye hesabu rahisi.

Kila mita mraba ya bati tupu hupitisha takriban wati 7 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kama vile vinavyokodishwa katika mitaa mingi ya Nairobi, kina paa la takriban mita mraba 9. Ikiwa ndani ni digrii 18 na nje ni 12, tofauti ni digrii 6. Saba mara tisa mara sita ni 378.

Maanake ni kwamba paa peke yake hupoteza wati 378, ilhali familia nzima ya watu wanne hutoa wati 300. Hata kabla ya kuhesabu kuta, mlango na dirisha, familia hiyo tayari imeshindwa. Haishangazi kwamba chumba hupoa hadi kukaribia baridi ya nje.

Usiku ambao mawingu yametawanyika na nyota zinaonekana, hali huwa mbaya zaidi. Bati hutupa joto lake kuelekea angani na linaweza kuwa baridi hata kuliko hewa ya nje. Mvuke wa pumzi za waliolala hugonga bati hilo na kugeuka matone ya maji. Wengi huamka asubuhi wakidhani paa linavuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zinazowadondokea.

Dari hubadilisha hesabu hiyo. Ukiweka dari ya sofubodi chini ya mabati, hewa hunaswa kati ya dari na bati, na joto linalopotea kupitia paa hupungua hadi karibu theluthi moja. Wati 378 huwa takriban 126. Hakuna jiko lililowashwa, ila joto la familia limebaki ndani.

Nyumba ya mawe na baridi ya mchana

Wanaoishi katika nyumba za mawe hushangaa kwamba saa sita mchana nje huwa na joto kuliko ndani. Sababu ni kwamba mawe na saruji hubadilika polepole. Ukuta mnene uliopoa usiku kucha huhitaji saa nyingi za jua ili upate joto tena. Msimu wa kawaida, jua la mchana hulipa deni hilo. Lakini wakati wa kipupwe mawingu hulizuia jua kwa siku nyingi, na ukuta huendelea kudai.

Sakafu ya saruji isiyo na zulia nayo hunyonya joto kupitia nyayo. Mtoto anayetambaa hupoteza joto kupitia mikono, magoti na makalio kwa wakati mmoja.

Athari za baridi mwilini

Ni muhimu kueleza kwamba baridi yenyewe haizai viini vya magonjwa. Mafua na nimonia huletwa na virusi na bakteria. Hata hivyo, watu wakijifungia pamoja katika chumba kisicho na hewa safi, viini hupita kwa urahisi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Unyevu unaoganda kwenye kuta baridi huotesha ukungu mweusi, ambao huwasumbua sana wagonjwa wa pumu.

Baridi pia hufanya mishipa ya damu ya ngozini isinyae, na shinikizo la damu hupanda. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, jambo hilo si dogo. Mtoto mchanga naye hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzani wake.

Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu afya na makao, likapendekeza kwamba katika nchi zenye majira ya baridi, joto la ndani ya nyumba lisipungue digrii 18. Hapa kwetu, nyumba nyingi za nyanda za juu huwa chini ya kiwango hicho usiku wa Julai, ingawa tunasema tunaishi katika nchi ya joto.

Jiko chumbani: Adui asiyenuka

Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Ikiingia mapafuni, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu huendelea kuzunguka lakini haibebi tena hewa ambayo ubongo na moyo vinahitaji.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mtu aliye macho anaweza kutambua kwamba kuna jambo. Aliyelala hupitiliza usingizini. Mama mjamzito anapaswa kujihadhari zaidi, kwani gesi hiyo humfikia na kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuna imani kadhaa ambazo zimewaangamiza watu. Wengine husema makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, jiko ni salama kuingizwa ndani. Si kweli. Moshi unaoonekana ndio ulioisha, lakini gesi bado inatoka. Wengine huweka karai la maji kando ya jiko wakiamini maji yatanyonya sumu. Hayanyonyi. Wengine hufunika makaa kwa jivu ili yadumu hadi asubuhi. Makaa hayo yaliyofunikwa pia hutoa gesi hiyo. Jiko lenye kigae cha udongo, ambalo lilianza kuenea nchini miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa kwa kuhifadhi joto, lakini haliondoi sumu hiyo.

Huenda msomaji akauliza: mbona babu zetu walilala na moto ndani ya nyumba? Nyumba zile zilikuwa na paa nene la nyasi, ambalo lilihifadhi joto huku likiruhusu moshi na gesi kupenya na kutoka polepole. Hata hivyo, moshi huo uliwaharibu wengi macho na mapafu. Chumba cha leo chenye kuta za mawe, dirisha la kioo na mlango unaofungika sawasawa hakina mahali pa kupitisha gesi. Ukiingiza jiko humo, umejifungia pamoja na sumu.

Ukimkuta mtu amezidiwa na gesi hiyo, fungua milango na madirisha mara moja, mtoe nje kwenye hewa safi na umkimbize hospitalini ili apewe oksijeni. Usipoteze wakati kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi gesi hiyo katika damu, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa.

Hatua za kuchukua

Baada ya kuelewa joto linavyotoroka, kazi iliyobaki ni kuziba njia hizo kwa kuanza na zile kubwa.

Paa. Kama nyumba ni yako, weka dari kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kuleta joto. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba. Dari huhifadhi joto usiku wa Julai na huzuia ukali wa jua mwezi wa Februari. Asiyeweza kumudu sofubodi anaweza kutumia plaiwudi nyembamba au mikeka ya mafunjo. Ikiwa ni katoni au nguo, kuwa mwangalifu sana: vitu hivyo hushika moto upesi, kwa hivyo usitumie mshumaa, koroboi au stovu karibu navyo.

Mlango na dirisha. Mwanya wa sentimita 1 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 80 ni sawa na tundu la mraba lenye karibu sentimita 9 kila upande. Hakuna mtu ambaye angeliacha tundu kama hilo ukutani. Ili kupata nyufa, chukua udi unaofuka, uupitishe polepole kando ya mlango, dirisha na mahali ukuta unapokutana na paa. Moshi ukiyumba, hapo ndipo joto linapotorokea. Ziba mwanya wa mlango kwa kitambaa kilichoviringishwa na kujazwa mchanga au vipande vya nguo. Kioo kilichovunjika kirudishwe. Pazia liwe zito na lishuke hadi chini ya dirisha, kisha lifungwe mara tu jua linapotua.

Tundu la hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini si kila tundu ni ufa. Yale matundu ya kudumu yaliyo juu ya madirisha ya nyumba nyingi yamewekwa ili watu wapate hewa safi na ili viini vya kifua kikuu na maradhi mengine ya kupumua visirundikane. Usiyazibe. Kumbuka pia kwamba kadiri unavyoziba nyufa, ndivyo jiko linavyozidi kuwa hatari ndani ya nyumba. Mambo hayo mawili hayawezi kwenda pamoja.

Sakafu na kitanda. Tandika zulia au mkeka, hasa mahali watoto wanapochezea. Sogeza kitanda mbali na ukuta wa nje, hata kama ni kwa upana wa kiganja. Wengi hurundika mablanketi juu na kusahau chini, ilhali godoro jembamba hupitisha joto. Weka mkeka au blanketi kuukuu chini ya godoro. Blanketi mbili nyepesi huhifadhi joto vizuri kuliko moja yenye uzito uleule, kwa sababu hewa hunaswa katikati yake.

Jua. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta. Kwa hivyo mwezi wa Juni na Julai jua la mchana huelekea upande wa kaskazini. Mawingu yakifunguka, fungua mapazia ya upande huo ili mwangaza uingie na kupasha sakafu na kuta. Anayejenga nyumba mpya afikirie jambo hili kabla ya kuchora mahali pa madirisha.

Unyevu. Usianike nguo ndani ya chumba cha kulala ikiwa unaweza kuepuka. Unapopika, funika sufuria na ufungue dirisha. Karibu saa sita mchana, hewa ya nje inapokuwa na joto zaidi, fungua madirisha kwa muda wa nusu saa ili unyevu utoke. Nyumba kavu hupata joto upesi kuliko nyumba yenye unyevu.

Chupa ya maji moto. Chupa ya mpira ya maji moto, iliyofungwa barabara na kuviringishwa kwa taulo, hupasha kitanda kwa gharama ya maji ya birika moja tu. Itoe kabla ya kulala. Usiiweke kamwe kwenye kitanda cha mtoto mchanga. Mwenye hita ya umeme ajue kwamba hita ya wati 2,000 hutumia yuniti 2 kila saa, isichomekwe pamoja na vyombo vingine kwenye waya mmoja wa kuunganishia, wala isitumiwe kukaushia nguo.

Watoto na wazee

Mvike mtoto mchanga nguo moja zaidi ya zile ambazo wewe unahitaji, pamoja na kofia na soksi. Usimfunike uso, na usimrundikie mablanketi hadi akatokwa jasho. Joto kupita kiasi nalo ni hatari. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hakuna hita inayoshinda kifua cha mamake. Mbinu ya kumweka mtoto ngozi kwa ngozi ilianza kutumiwa mjini Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, na leo inatumika katika hospitali nyingi duniani, zikiwemo za hapa nchini.

Hakikisha mtoto amepata chanjo zake zote. Chanjo dhidi ya bakteria aina ya nyumokoko, wanaosababisha nimonia, imekuwa ikitolewa kwa watoto nchini Kenya tangu mwaka wa 2011. Mtoto akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini usiku huohuo.

Mzee anayeishi peke yake atembelewe jioni. Mguse mikono na tumbo. Tumbo likiwa baridi, au akizungumza kwa kuvuta maneno na kuonekana amechanganyikiwa, huenda mwili wake umepoa kupita kiasi. Mfunike, mpe kinywaji cha moto ikiwa anaweza kumeza, na umtafutie daktari. Usimpe pombe, pombe humfanya ahisi joto ilhali inampotezea joto.

Kabla ya kulala leo

Si lazima ungoje kupata pesa za dari ndipo uanze. Jioni ya leo, funga mapazia mapema, ziba mwanya wa mlango, sogeza kitanda kutoka ukutani na utandike kitu chini ya godoro. Mavazi makavu, soksi na kofia havigharimu zaidi ya makaa ya wiki moja.

Kisha, kabla ya kufunga mlango, toa jiko nje, hata kama makaa yamebaki machache na yanaonekana kufa. Mwagia maji yazimike kabisa. Joto ulilo nalo wewe na watoto wako litawafikisha asubuhi mkilihifadhi. La jiko huenda lisiwafikishe.